Sura ya Tano: Bei ya Mkono

Ukitaka kujua sweta la kufuma kwa mkono lina thamani gani, mtu wa mwisho wa kumwuliza ni aliyelifuma. Atakutajia bei ya uzi. Ukimbana ataongeza vifungo. Ukimwuliza saa alizokaa nalo, atacheka kidogo aseme, "Ah, hilo nilikuwa nafuma tu nikiwa nimekaa." Na kweli alikuwa amekaa: dukani akisubiri wateja, kliniki akisubiri kuitwa, barazani jioni huku akisikiliza taarifa ya habari na kumkemea mtoto asisogelee jiko. Mikono haikupumzika. Lakini kwa kuwa hakuna aliyemwajiri kwa saa hizo, yeye mwenyewe ameziandika kuwa si kazi.

Sura zilizopita zilihusu mtaji na mahali pa kuuzia. Hii ni ya saa hizo ambazo mfumaji huzigawa bure, hasa msimu wa sikukuu, wakati ambao kila mtu anataka zawadi na kila mtu ni ndugu.

Tuchukue seti ya mtoto mchanga: kisweta, kofia na soksi. Inauzika vizuri kwenye miji yetu ya baridi, Njombe, Iringa, Lushoto, Arusha, na ng'ambo ya mpaka kule Limuru na Nyeri. Inauzika hata Dar es Salaam, ambako mtoto mchanga huvikwa sweta katika joto linalomfanya baba yake avue shati, na hakuna bibi atakayekubali kushauriwa vinginevyo. Tuseme uzi umegharimu shilingi 8,000, vifungo na utepe 1,000. Mfumaji mzoefu ameitumia saa 16, zilizotawanyika kwenye wiki moja na nusu. Akiiuza kwa 25,000, amebakiwa na 16,000, yaani shilingi 1,000 kwa saa. Si utajiri, lakini ni hela. Akiiuza kwa 15,000 amebakiwa na 6,000, na saa yake imekuwa shilingi 375. Tofauti kati ya bei hizo mbili haikutoka kwenye uzi wala kwenye vifungo. Duka la nyuzi limelipwa chote katika hali zote mbili. Punguzo lote limekatwa kwenye saa, kwa sababu ndizo pekee ambazo hazina mtu wa kuzidai.

Ndiyo maana bei ya ndugu inaumiza kuliko inavyoonekana. Wifi haji kwa ubaya. Anakuja katikati ya Desemba, anaketi, anasifia, anageuza kisweta mikononi, kisha anasema, "Wifi yangu, kwangu si utanihesabia uzi tu? Hivi kuna mtu mwingine wa kumwendea?" Na mfumaji, ambaye hapo hapo anakumbuka nani alikesha naye alipojifungua, anataja 12,000. Wifi anafurahi. Kesho yake jirani wa wifi anajua kwamba seti za kwa mama fulani ni 12,000, na hiyo ndiyo inayokuwa bei ya mtaa.

Maoni yangu ni kwamba bei ya ndugu ndiyo mbaya kuliko zote, mbaya hata kuliko bure. Ukimpa mtu zawadi, amepokea zawadi: atasema umempa, mtoto atapigwa picha nayo, nawe siku yako ya shida utakuwa na pa kugonga hodi. Ukimwuzia mtu, umepata hela. Ukimfanyia bei ya ndugu umekosa vyote viwili, maana yeye anajua amelipa na wewe unajua hukulipwa. Wafumaji ninaowaona wakidumu kwenye biashara hii huamua mapema, Juni au Julai, ni kina nani watakaopewa mwaka huo. Wawili, watatu. Shangazi, mtoto wa dada, mwalimu wa mtoto. Hao wanapewa bure, kitu kizuri kabisa, kimefungwa na utepe. Waliobaki wote, hata wifi, wanaonyeshwa bei iliyoandikwa kwenye kikaratasi. Bei iliyoandikwa huokoa maneno mengi. Ni vigumu kubishana na karatasi mbele ya wageni.

Hesabu ya saa za bure haikuanzia kwetu, wala haiendi na umaskini peke yake. Visiwa vya Shetland viko kaskazini mwa Uskochi, mahali pa upepo, kondoo na samaki. Huko wanawake wamefuma kwa biashara tangu karne ya 17 angalau. Kila Juni meli za Waholanzi wavuvi wa heringi zilikuwa zikitia nanga kwa mamia katika mlangobahari wa Bressay, zikingojea sikukuu ya Mtakatifu Yohana, tarehe 24, ndipo msimu wa kuvua ufunguliwe. Wanawake waliteremka ufukweni na soksi, glavu na kofia za sufu walizofuma majira ya baridi, wakawauzia mabaharia. Soko hilo la msimu ni moja ya mambo yaliyouzaa mji wa Lerwick. Jambo la kuliangalia ni kwamba mnunuzi alikuwa baharia mwenye hela au bidhaa mkononi, aliyekuwa na haraka, na asiyemjua shangazi wa mtu yeyote.

Wanawake hao walifuma wakitembea. Walivaa kiunoni mkanda wa ngozi wenye kifuko kilichoshindiliwa manyoya ya farasi na kutobolewa matundu. Ncha ya sindano moja huchomekwa kwenye tundu, ikakaa imara, na mkono wa upande ule ukawa huru kusukuma uzi. Hivyo mwanamke aliweza kubeba mgongoni kikapu cha udongo mkavu wa kuwashia moto, kutembea mwendo mrefu, na kufika nyumbani soksi imerefuka. Mgeni aliyewaona aliwasifia kwa bidii yao, bila kuona kwamba mkanda ule ulizidisha ugumu wa kusema kazi ya kufuma inaanzia wapi na ya kubeba inaishia wapi.

Mnamo miaka ya 1830 na 1840 shali za Shetland zikaanza kupendwa na wakubwa. Arthur Anderson, mzaliwa wa visiwa hivyo na mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya meli ya P&O, alimpelekea Malkia Victoria soksi ndefu za kwao mwaka 1837. Kisiwa cha Unst kikapata sifa kwa shali za uzi mwembamba mno, shali inayotosha kumfunika mtu mabega na bado ikapita yote ndani ya pete ya ndoa. Sufu yake ilinyofolewa shingoni mwa kondoo kwa vidole badala ya kukatwa kwa mkasi, ikasokotwa kwa mkono, na shali moja ikachukua miezi.

Kwa sifa hizo ungetarajia wafumaji wawe na nafuu. Mwaka 1872 serikali ya Uingereza ilimtuma kamishna, William Guthrie, akachunguze namna watu wa Shetland wanavyolipwa. Alisikiliza mashahidi wengi, wafumaji na wafanyabiashara, na picha iliyojitokeza ni hii: mfumaji akipeleka shali dukani hakupewa fedha. Alipewa bidhaa za duka hilohilo, chai, kitambaa cha gauni, viatu. Akisema hahitaji chai leo, aliandikiwa kikaratasi cha deni ambacho angekitumia siku nyingine, lakini kwenye duka hilohilo. Akitaka fedha taslimu, ama alikataliwa ama alikatwa. Wengine walichukua chai ile wakazunguka nayo kwa majirani kuibadilisha kwa viazi na unga. Kulikuwa na wasichana waliovaa vizuri na kulala njaa, kwa kuwa duka liliuza vitambaa na halikuuza chakula.

Sheria ilikuja mwaka 1887, ikakataza malipo ya namna hiyo hata kwa wale wanaofanyia kazi nyumbani, ila desturi ilichukua miaka mingi kufa. Ukiwasoma wafanyabiashara wa wakati ule huoni mashetani. Unaona watu waliokuwa na hakika kwamba kufuma ni kazi ya pembeni, kitu ambacho mwanamke angekifanya tu hata asipolipwa, akiwa amekaa. Na wanawake wenyewe walikubali nusu ya hoja hiyo.

Kwetu kikaratasi hicho kinaitwa mali kauli. Unaacha vitambaa vya makochi kumi na viwili kwenye duka la zawadi, mwenye duka anasema atakulipa vikiuzika. Novemba unapita, bado. Januari unapita, vinne vimeuzika lakini hela "imeingia kwenye mzunguko". Vinane vilivyobaki vimeshika vumbi na kimoja kina alama ya kikombe cha chai. Sisemi usiache mali kauli kabisa. Kwa mfumaji mpya mara nyingi hakuna mlango mwingine. Lakini hesabu iandikwe na kusainiwa, na tarehe ya kurudisha visivyouzika iwe kabla ya sikukuu na si baada yake, ili uwe na siku za kuviuza mwenyewe.

Sasa mfano wa upande wa pili, na huu uko pwani. Barakashia ya kushonwa kwa mkono ni kazi ya nyumbani kama kufuma, ni ya wanawake kwa sehemu kubwa, na kwa muda mrefu imekuwa zawadi ya familia: mke kumshonea mume, mchumba kumshonea mchumba. Kwa hesabu za Shetland ingepaswa kuwa ya bei ya chini. Sivyo. Nenda Unguja, Lamu au Mombasa wiki ya mwisho ya Ramadhani uone kofia mbili zilizopangwa kwenye meza moja, zote nyeupe, zote zina maua. Moja ya mashine na nyingine ya mkono, na ile ya mkono inauzwa mara nyingi ya bei ya mwenzake. Mnunuzi hashangai wala hasemi "si uzi tu huo".

Hashangai kwa sababu anajua kuisoma. Ataigeuza ndani kwanza. Kofia ya mkono ina tabaka mbili za kitambaa cha pamba. Mchoro huchorwa juu yake, kisha matundu madogo hutobolewa moja moja na kuzungushiwa uzi ukingoni, tundu kwa tundu, hadi pindo la pembeni na duara la juu yawe tayari kuunganishwa. Matundu yakiwa ya saizi moja na nyuma kukawa safi karibu kama mbele, jicho la mzee linatulia. Yakiyumba, kofia inarudishwa mezani bila neno. Kijana wa kwanza kununua kofia ya Idi huenda na baba au mjomba, na hapo ndipo anapofundishwa aangalie nini. Elimu hiyo ya mnunuzi ndiyo inayoibeba bei. Ilivuka hata bahari: kofia ya Oman, kumma, ni ndugu wa karibu wa hii yetu, na nyumba nyingi za Muscat zenye asili ya Zanzibar bado zinajua kutofautisha kazi nzuri na ya kulipua.

Sweta halina mjomba wa namna hiyo. Watu wazima wengi hawajui kutofautisha la mkono na la mashine, sembuse zuri na baya. Basi mfumaji hana budi kufundisha mwenyewe, papo hapo, mteja akiwa amelishika. Ligeuze ndani umwonyeshe kwamba ncha za uzi zimefichwa na si kukatwa tu. Vuta pindo la mkono, liachie, lirudi lenyewe. Mwonyeshe bega mlipounganishwa. Kisha taja saa, kwa sauti ya kawaida, kama fundi magari anavyotaja: "Hili ni la saa ishirini na mbili." Kikundi cha Kenana Knitters cha Njoro, karibu na Nakuru, ambacho wanawake wake hufuma wanyama wa kuchezea kwa sufu iliyosokotwa kwa mkono, huweka kwenye kila mnyama lebo yenye jina la aliyemfuma. Ni kitu kidogo, na kinamzuia mnunuzi kujifanya twiga yule amejifuma.

Kuna njia nyingine, ngumu zaidi, ya kukataa kazi mbovu. Mwaka 1939 huko Bohuslän, magharibi mwa Sweden, machimbo ya mawe yalikuwa yamedorora na wake za wakata mawe walihitaji kipato. Emma Jacobsson, mke wa gavana wa jimbo, akaanzisha Bohus Stickning. Angeweza kuwauzisha soksi za huruma, watu wakazinunua Krismasi moja na kusahau. Badala yake alidai michoro ya rangi migumu sana, akasimamia ubora kwa ukali, na sweta zao zikawa za madirisha ya maduka makubwa hadi shughuli zilipofungwa mwaka 1969. Inawezekana wafumaji walimlalamikia, na ningekuwa mmoja wao ningelalamika pia. Lakini mteja wa huruma hununua mara moja tu, tena kwa chenji.

Mshindani mkubwa wa mfumaji wa huku, hata hivyo, si mashine ya kufumia. Ni bale la mitumba. Sweta la sufu lililotoka Ulaya linaweza kutandazwa sokoni kwa bei ya chini kuliko uzi wa kulifumia jipya, na hakuna hesabu ya saa itakayoshinda hapo. Wajanja wameligeuza adui kuwa ghala. Kina mama wafuma vyondo wa Kenya walikwisha kuona miaka mingi iliyopita kwamba sweta la mitumba ni uzi uliokunjwa vibaya, wakalifumua na kulifanya rangi za vyondo. Mfumaji wa seti za watoto anaweza kufanya vivyo hivyo, akijua kuchagua.

Siri iko kwenye mshono wa ubavuni. Ligeuze sweta ndani uutazame. Ukikuta ukingo umefungwa kwa uzi mwembamba wa cherehani na nyuzi za sweta zimekatwa kando yake, liache: lilikatwa kwenye kitambaa kizima, na ukilifumua utapata vipande vifupi, kila mstari kipande chake. Ukikuta pande mbili zimeunganishwa kwa uzi laini unaopita kwenye vitanzi bila kukata kitu, hilo ndilo. Kata uzi wa mshono, tenganisha mikono, na anzia juu, shingoni, si chini. Likishapata mwanzo wake linakwenda lenyewe, safu baada ya safu, na mtoto wa miaka sita atalipigania. Uzi utatoka umejikunja kama tambi zilizochemka kidogo tu. Uzungushie mgongo wa kiti, ufunge mafundo legelege mahali panne, uoshe kwa maji ya uvuguvugu, kisha uuanike ukiwa umening'inizwa na kitu kizito kidogo chini, chupa ya maji inatosha. Ukikauka umenyooka. Usifumie kabla haujanyooka, kwa kuwa vitanzi havitalingana na sweta litavurugika likifuliwa mara ya kwanza.

Uzi wa namna hii una faida moja ambayo wauzaji wa nyuzi hawatakutajia: mara nyingi ni sufu halisi, wakati bonge la dukani kwa kawaida ni akriliki. Una hasara yake vilevile. Umepata wa sweta moja tu. Mteja akitaka seti ya pili inayofanana, huna. Kwa hiyo uuze kama kitu cha peke yake, na useme hivyo tangu mwanzo.

Linabaki suala la kalenda, na hapa wengi hupoteza kilichokwisha kupatikana. Krismasi haihami. Idi inahama, inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, na mfumaji anayeuza kwa watu wa dini zote mbili anafaa kuwa na kalenda za miaka kumi ijayo ukutani. Miaka hii inazisogeza sikukuu hizi karibu. Kwa hesabu za falaki, na mwezi ukiandama inavyotarajiwa, mwaka 2033 utakuwa na Idi el-Fitri mbili: moja mwanzoni mwa Januari na nyingine karibu na tarehe 23 Desemba, siku mbili kabla ya Krismasi. Wiki hiyo moja itataka kofia, visweta, mashuka ya kudarizi, foronya na vitambaa vya mezani vyote kwa pamoja, na mafundi ni walewale.

Mwaka kama huo, na kwa kweli mwaka wowote, oda ya sikukuu isiyo na kianzio si oda. Nusu ya bei kabla ya kuanza ni utaratibu wa haki, unalipia uzi na unamfanya mteja akumbuke kuja. Tarehe ya mwisho ya kupokea oda nayo iwekwe mapema: kwa seti ya mtoto wiki tatu kabla, kwa shali au shuka la kudarizi miezi miwili. Oda za Desemba zianze kufumwa Agosti, wakati watu wa nyanda za juu bado wananunua kwa ajili ya baridi yao wenyewe na fedha za uzi zinapatikana. Na nyuzi za rangi moja zinunuliwe zote siku moja. Kila bonge lina karatasi yenye namba ya rangi na, chini yake, namba ya mkupuo lilimotiwa rangi. Namba ya kwanza ikilingana na ya pili ikatofautiana, dukani kwenye taa hutaona kitu. Utaona nje juani, siku ya kukabidhi, mkono mmoja wa sweta ukiwa umeiva kuliko mwingine.